UZI: Kuona na kusikia nyangumi nundu ukiwa nchi kavu, kwa tunaoshuka pwani kutoka Arusha na Moshi

Mlinzi_wa_Upeo (Arusha)
Wakuu salaam. Kila ikikaribia Julai swali linarudi: mtu wa huku juu ashukie wapi aone nyangumi bila kukodi boti? Jibu linalozoeleka ni "nenda ufukweni, subiri bahati". Bahati ina sehemu yake, lakini jua, upepo, maji na kina vina sehemu kubwa zaidi, na vyote vinne vinajulikana kabla hujakata tiketi ya basi. Tuviweke hapa.

Tunayemzungumzia ni nyangumi nundu, Megaptera novaeangliae. Mzima ana mita 12 hadi 16 na uzito wa tani 25 hadi 30, wengine zaidi. Mapezi yake ya ubavuni yanakaribia theluthi ya urefu wa mwili, na hakuna nyangumi mwingine mwenye mapezi marefu hivyo. Anakula kwenye bahari baridi za Antaktika, kisha anapanda kaskazini kuzaa na kupandana kwenye maji ya joto: Msumbiji, Madagaska, Komoro, kwetu, hadi Kenya. Kwetu wapo Julai hadi Oktoba, na Agosti na Septemba ndiyo miezi ya kutegemea. Mama wenye watoto ndio huondoka mwisho.

Jambo la kwanza ni kupanda juu. Umbali wa upeo wa macho kwa kilomita ni 3.57 mara kipeuo cha pili cha kimo cha macho yako kwa mita. Ukisimama mchangani, macho yakiwa mita 2 juu ya maji, upeo uko kilomita 5. Kwenye jabali la mita 10 ni kilomita 11. Mita 20, kilomita 16. Ila faida kubwa ya kimo si umbali huo, maana pumzi ya nyangumi kwenye kilomita 16 huioni. Faida ni kwamba unaona mabonde kati ya mawimbi. Mchangani, wimbi la mita moja linakuficha mgongo wote wa nyangumi aliye kilomita 2.

BintiPangani (Moshi)
Umeanza vizuri kaka. Naongeza jua, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapopotezea siku.

Pwani yetu ya bara inatazama mashariki. Asubuhi upepo umelala na bahari inasomeka, lakini jua liko usoni na maji yote mbele yako yanang'aa. Alasiri jua liko mgongoni, maji yana rangi nzuri ya giza, lakini kusi, upepo wa kusini, imeshaamka na povu limejaa. Kwa hiyo kwenye pwani ya Tanga na Pangani unachagua hasara moja kati ya mbili.

Namna ya kuipunguza: Julai na Agosti jua linachomoza upande wa kaskazini wa mashariki, kwa hiyo njia ya mng'ao inaelekea kaskazini-mashariki. Elekeza macho kusini-mashariki kuanzia saa 1 hadi saa 4 asubuhi. Eneo lenye mng'ao liache kabisa, usilipe hata dakika moja. Miwani ya polaroidi inasaidia kwa macho matupu. Mwishoni mwa Septemba jua linachomoza mashariki kamili, lakini kipindi hicho kusi inalegea na unaweza kukaa hadi mchana.

Anayeweza kufika Pemba asilazimishe bara. Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini-magharibi ya Pemba penye mnara wa taa, inatazama mkondo wa Pemba. Asubuhi jua liko mgongoni, kisiwa chenyewe kinakukinga na kusi, na mkondo ule ni wa kina kirefu, mamia ya mita. Omba ruhusa kwa mlinzi wa mnara kabla ya kupanda. Na uliza usafiri wa kuvuka kabla hujatoka Moshi, usitegemee ratiba ya mwaka jana.

Njiro_Darubini (Arusha)
Kuhusu vifaa. Hapa Arusha darubini nzuri zipo nyingi kwa waongozaji wa safari, na nyingi ni 8x42 au 10x42 (namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi kwa milimita). Kwa bahari chukua 8x42 uiache 10. Mkono ukitikisika, 10 inatikisa picha zaidi, na ufukweni kuna upepo unaokusukuma muda wote. Iliyo bora kuliko zote ni 7x50 ya mabaharia, hasa yenye mistari ya vipimo ndani ya lenzi, nitaeleza sababu hapa chini.

Spotingi skopu ya kutazamia ndege ije kama ipo, na tripodi iliyofungwa mfuko wa mchanga chini. Haifai kutafutia, uwanja wake ni mwembamba mno. Ifungue baada ya kumpata mnyama, kuhakikisha ni nani.

Namna ya kutafuta: gawa bahari vipande vitatu. Macho matupu kwanza, dakika mbili tatu kwa kila kipande. Kisha darubini, polepole, kutoka kushoto kwenda kulia, ukiweka upeo wa macho kwenye theluthi ya juu ya picha ili sehemu kubwa iwe maji. Mkiwa wawili, mmoja anatazama na mwingine anapumzisha macho, mbadilishane kila dakika 20 au 30. Macho yaliyochoka yanaona nyangumi kwenye kila wimbi.

Msihame mapema. Nundu hupumua mara kadhaa juu juu kisha anazama dakika 5 hadi 15, na dume anayeimba anaweza kukaa chini hata dakika 20. Ukitazama kwa robo saa ukaondoka, umetazama wakati yuko chini. Saa moja kamili pahali pamoja ndiyo kipimo cha chini.

Majengo_Moshi
Wakuu, tatizo ni kutofautisha pumzi na povu. Ukiwa na kusi ya wastani kila kitu kinapasuka cheupe. Mnafanyaje?

Njiro_Darubini (Arusha)
Povu linazaliwa kwenye kilele cha wimbi, linasafiri nalo na linafia chini, juu ya maji. Pumzi inapanda wima hadi mita 3 hivi, pana kama kichaka, inaning'inia sekunde mbili tatu, kisha upepo unaisogeza pembeni ikiwa *juu* ya maji. Ukiona weupe wowote, usihamishe darubini. Hesabu hadi 60. Nyangumi akishaibuka huwa anapumua tena ndani ya muda huo au karibu yake, mahali palepale au mbele kidogo. Povu halirudii mahali pamoja kwa mpangilio.

Ikiwa bahari yote imejaa vilele vyeupe, funga darubini, ukanywe chai. Kazi hii inataka povu la hapa na pale tu, au lisiwepo kabisa.

Mazoezi yanaweza kufanyika huku huku. Bwawa la Nyumba ya Mungu, siku ya upepo, linatosha kufundisha jicho kutenganisha povu na kitu kinachosimama. Tafuta mitumbwi ya wavuvi ya mbali, ipoteze, uipate tena.

BintiPangani (Moshi)
Na wasichanganye wanyama. Pomboo pumzi zao hazionekani kwa mbali. Papa potwe wa Mafia ni samaki, hapulizi kabisa, na wengi huonekana kuanzia Oktoba hadi Februari. Nyangumi wa manii anapuliza kwa kuinamia mbele na kushoto. Nundu ana pezi dogo la mgongoni lililokaa juu ya nundu, na anapozama kwa kina anainua mkia mzima nje ya maji. Chini ya mkia kuna mabaka meupe na meusi, kila mmoja na ya kwake.

Mlinzi_wa_Upeo (Arusha)
Njiro umetuacha na mistari ya lenzi.

Njiro_Darubini (Arusha)
Nakuja nayo. Darubini nyingi za mabaharia zina mistari ya mil, kipimo kidogo cha pembe, mara nyingi kila mstari ni mil 5. Weka mstari wa juu kwenye upeo wa macho, hesabu mil hadi chini kwa mnyama. Ukiwa na macho mita 20 juu ya maji:

mil 17 au 18 chini ya upeo = kilomita 1
mil 7.5 hivi = kilomita 2
karibu mil 3 = kilomita 4

Unaona jinsi mistari inavyobanana. Zaidi ya kilomita 4 usiandike umbali, andika "mbali". Ukibadilisha kimo namba zote zinabadilika, na kimo ni juu ya maji ya wakati huo. Maji ya bamvua, yale ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwetu yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo jabali la mita 10 wakati wa kujaa ni mita 13 wakati wa kupwa. Cape Vidal, Afrika Kusini, watafiti walipohesabu nundu kutoka ufukweni tangu 1988, walifanyia kazi juu ya vilima vya mchanga.

Kipimo kingine hakihitaji kifaa. Nyangumi akiruka na kuanguka, anza kuhesabu sekunde tangu unapoona maji yanapasuka hadi usikie kishindo. Sekunde 3 ni kilomita 1. Inataka asubuhi tulivu na mawimbi ya ufukweni yasiwe makubwa.

Mzee_wa_Duluti (Tengeru)
Vijana mmeongea macho tu. Masikio je?

FundiSakina (Arusha)
Shikamoo Mzee. Masikio ndiyo nusu ya pili ya uzi, na hapa kuna imani moja ya kuondoa kwanza: ukiwa umesimama ufukweni huwezi kusikia wimbo wa nundu kwa hewa. Utasikia pumzi akiwa karibu, utasikia kishindo cha mkia na cha pezi. Wimbo hapana. Sauti ikitoka majini kwenda hewani inapita kiasi cha sehemu moja kati ya elfu tu ya nguvu yake, iliyobaki inarudishwa chini. Lazima kitu kiingie majini: kichwa chako au maikrofoni.

Haidrofoni, yaani maikrofoni ya majini, inatengenezeka hapa hapa mjini. Mahitaji: kisahani cha piezo cha milimita 27 (kinageuza mtikisiko kuwa umeme; hupatikana ndani ya kengele na king'ora cha mlango, mafundi wa redio wanavyo), waya wenye ngao mita 10 hadi 15, transista ya JFET kama 2N5457 au J201, rezista ya megaohm 1 na nyingine ya kiloohm 4.7, kapasita ya mikrofaradi 10, betri ya volti 9, gundi ya epoksi, na rekoda yenye tundu la maikrofoni.

Kosa linaloua kazi ya wengi ni kuchomeka piezo moja kwa moja kwenye simu. Kisahani cha milimita 27 kina kapasiti ya nanofaradi 20 hivi. Kikikutana na tundu la simu lenye ukinzani wa kiloohm 2, vinakuwa chujio linalokata kila kitu chini ya hezi 4,000. Wimbo wa nundu sehemu kubwa uko chini ya hapo, milio mingine ni makumi tu ya hezi. Utarekodi kamba wa miambani wakidatadata, useme nyangumi hawapo.

Ndiyo kazi ya JFET, ambayo ndiyo amplifaya yetu; miguu yake mitatu ni geti, dreni na sosi. Upande wa kauri wa piezo uende geti, upande wa shaba uende ngao ya waya na hasi ya betri. Megaohm 1 kati ya geti na hasi. Dreni kwenye chanya. Sosi ishuke kwa kiloohm 4.7 hadi hasi, na kutoka sosi ipite kapasita kwenda rekoda. Amplifaya ikae karibu na piezo, ndani ya epoksi ileile, kwa sababu waya mrefu kabla ya amplifaya unakusanya mvumo.

Majengo_Moshi
Mkuu, megaohm 1 na nanofaradi 20 inashusha ukomo wa chujio hadi hezi 8. Huoni ni chini mno? Kila wimbi linalopandisha na kushusha kisahani litajaza rekoda mpaka ipasuke sauti.

FundiSakina (Arusha)
Hoja nzuri, na kwa anayerekodi akiwa kwenye gati la boti nakubaliana nawe. Weka kiloohm 100, ukomo unapanda hadi hezi 80. Unapoteza sehemu ya milio mizito kabisa lakini rekodi inasikilizika. Anayetaka katikati aweke 220, anapata hezi 36. Megaohm 1 ibaki kwa mwenye rekoda nzuri na bahari iliyolala.

Epoksi sasa. Ukichanganya kwa haraka unaingiza viputo vya hewa, na kiputo kimoja juu ya kisahani kinameza sauti na baadaye kinakuwa njia ya maji ya chumvi. Changanya polepole, pasha kwa pumzi ya joto kidogo viputo vipande, mimina kwa tabaka mbili. Tahadhari kwa wa Arusha: Juni na Julai kuna baridi, epoksi inayosema saa 24 kwenye kopo haikauki kwa saa 24. Ipe saa 48 mahali pa joto. Ukiigusa ikawa inanata, bado. Moshi mna nafuu.

Jaribu kwenye ndoo ya maji ya chumvi, usiku mzima, vijiko vitatu vya chumvi kwa lita. Maji baridi ya bomba yanaficha uvujaji, ya chumvi yanauonyesha kwa mvumo unaopanda. Halafu nenda Ziwa Duluti, mmoja agonge mawe mawili chini ya maji upande wa pili. Usiposikia mawe hapo, usisafiri.

Mzee_wa_Duluti (Tengeru)
Marahaba. Umeeleza kifaa, sasa niwaambie pa kukitumbukiza, kwa sababu kifaa kizuri mahali pabaya ni kazi bure.

Maji mafupi yanakataa sauti nzito. Juu ya mchanga, kina cha mita 2, sauti za chini ya hezi 450 hivi hazisafiri, zinazama kwenye mchanga. Kina cha mita 10, ukomo unashuka hadi kama hezi 90. Kwa hiyo upande wa ndani wa mwamba wa matumbawe, kule maji yanapofika kifuani, utasikia kamba wadatao basi. Mwamba wenyewe nao unasimama katikati kama ukuta. Unataka gati lenye kina, au ngalawa iliyotia nanga nje ya mwamba, au mahali ambapo kina kinaanza karibu na nchi kavu. Msimbati kule Mtwara kina kinaanza karibu na ufuko, ila kwa mtu wa Arusha hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita elfu. Tanga ni kilomita 430 hivi kupitia Segera.

Saa ya kujaa ndiyo saa yenu, na hapa mwezi unasaidia. Bamvua kwenye pwani ya Tanga na visiwani hujaa karibu saa 10, alfajiri na alasiri, na kupwa saa 4. Maji mafu, yale ya nusu mwezi, ni kinyume: yanajaa karibu saa 4 asubuhi. Kwa hiyo chagueni tarehe 7 au 8, au 22 hivi za mwezi mwandamo. Mnapata maji kujaa, upepo bado mdogo, na mkondo dhaifu usiotetemesha waya, vyote asubuhi moja.

FundiSakina (Arusha)
Asante Mzee. Mkondo ukipita kwenye waya uliotanuka unatoa mngurumo ambao mgeni ataudhania mnyama. Ning'iniza haidrofoni kwa kamba, waya uwe umelegea. Jiwe au risasi ya nusu kilo chini yake. Kati ya boya na kamba funga mita moja ya mpira wa tyubu ya baiskeli, ule unakula mtikisiko wa wimbi. Shusha mita 5 au zaidi, na isiguse chini.

Rekodi WAV, hezi 44,100, uongezaji sauti wa kujiendesha uzimwe, kilele kisipite desibeli -12. Programu nyingi za simu huondoa "kelele" zenyewe, na kwa simu mlio mrefu mzito ni kelele. Usichaji kitu chochote wakati wa kurekodi, utapata mvumo wa hezi 50.

Nyumbani fungua Audacity, programu ya sauti ya kompyuta, tazama spektrogramu (mchoro wa sauti), dirisha 4096, juu weka hezi 4,000. Kama kamba wanasumbua, kata juu ya hezi 2,000.

BintiPangani (Moshi)
Na utajuaje ni wimbo, si mlio wowote tu? Wimbo una mpangilio. Kuna kipande, mfano mkoromo mmoja na vilio viwili vinavyopanda, kinarudiwa dakika mbili tatu. Kisha kinabadilika kuwa kipande kingine, kinarudiwa. Baada ya dakika 10, 20, au hata 30, kile cha kwanza kinarudi na mzunguko unaanza upya, kwa saa nyingi. Ni madume wanaoimba. Roger Payne na Scott McVay ndio walioeleza mpangilio huo mwaka 1971. Madume wa eneo moja wanaimba wimbo mmoja, na wimbo huo unabadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo rekodi yenye tarehe na mahali ina thamani hata kama ni hafifu. Injini ya boti ni rahisi kuitambua kwenye spektrogramu: mistari iliyonyooka, sambamba, isiyopinda.

Asiye na haidrofoni atumie kichwa. Ukingo wa nje wa mwamba, maji yamejaa, uso chini, bana pumzi sekunde 15, kwa sababu kupumua kwenye snokeli kunafunika kila kitu. Muwe wawili, nahodha akiwa karibu, na msifanye hivyo kwenye mkondo unaovuta.

Majengo_Moshi
Macho na masikio yanaweza kufanya kazi pamoja?

Mzee_wa_Duluti (Tengeru)
Ndiyo, na ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Dume anapopanda kupumua, wimbo wake unafifia, kwa sababu sauti inayotolewa karibu na uso wa maji inajifuta yenyewe. Mwenye hedifoni aseme "amefifia", mwenye darubini aanze kutafuta hapo hapo. Pumzi ikionekana, andikeni dakika. Ikitokea mara tatu mfululizo kwa nyangumi yuleyule, mnamjua mwimbaji wenu ni yupi kati ya wote wanaopuliza.

Njiro_Darubini (Arusha)
La mwisho kwangu ni kutunza vifaa. Lenzi zinazotoka kwenye ukavu wa Arusha zikiingia unyevu wa Tanga hushika ukungu. Ziacheni ndani ya begi lililofungwa nusu saa baada ya kushuka kwenye gari lenye kiyoyozi. Chumvi kwenye lenzi haifutwi kwa kitambaa kikavu, inakwaruza. Imwagie maji baridi ya kunywa kwanza, ikauke, ndipo ufute.

Na picha za mkia, upande wa chini, zipakieni Happywhale, tovuti ya kutambua nyangumi kwa picha, pamoja na tarehe na mahali. Picha ikiwa ya mbali lakini mabaka yanasomeka, ipelekeni.

Mlinzi_wa_Upeo (Arusha)
Nimezipokea zote. Wanaotaka kwenda kikundi Septemba waandike hapa chini wana nini: darubini, haidrofoni, au macho tu. Tukishajua idadi, Mzee atatuchagulia tarehe za maji mafu.